Chupa Tisa za Chai na Kadi ya Nzomo

Jumatatu, 7 Juni 1999. Kitui mjini.

Wiki saba na siku mbili tangu harusi. Nikiandika "Bi. Muthoki Nzomo" bado nacheka peke yangu. Nimeliandika mara nne kwenye jalada la daftari hili. Mara ya tano nafasi iliisha.

Nzomo wangu! Karani wa ofisi ya maji. Mashati matatu, yote nayapiga pasi mimi. Kasoro yake ni moja tu: jioni hayupo. Akitoka kazini saa kumi na moja anapitia kwa Ndululu, mwenye duka la kuchapa barua karibu na soko. Ndululu akimaliza barua za watu anawasha mchezo wa magari kwenye kompyuta yake, na wanaume wazima wenye watoto wanapanga foleni kuendesha magari yasiyokuwepo. Nzomo anafika kwangu saa mbili. Chakula kimepoa. Ananiambia ananipenda sana, halafu anasinzia na kijiko mkononi. Hata akisinzia anapendeza.

Cha kuudhi ni kwamba kompyuta tunayo! Mradi wa mabwawa ulipofunga ofisi yake hapa mjini walitupa moja ya zamani iwe zawadi ya harusi. Iko sebuleni, chini ya kitambaa nilichofuma mwenyewe. Mchezo unaingia, lakini magari yanakwenda kama slaidi za mkutano wa injili. Picha moja. Subiri. Picha nyingine. Nzomo alijaribu mara mbili, akasema huyu ni mzee, tumwache apumzike.

Leo nimepita kwa Ndululu. Mkewe Kavata anakaanga mandazi hapo mlangoni. Akapaza sauti soko lote lisikie: "Bibi arusi, leo usisonge ugali mkubwa! Bwana yako amekula mandazi matatu hapa!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa meno tu.

Nimeamua. Nzomo atacheza nyumbani. Na itakuwa siri mpaka siku yenyewe.

Jumanne, 8 Juni 1999.

Nzomo alipokwenda kazini nilimwita fundi Kivuva. Anatengeneza redio, na ndiye mtu pekee mtaani kwetu aliyewahi kufungua kompyuta na kuifunga tena. Akalifungua sanduku, akapuliza vumbi. Mjusi akatoka.

Kivuva anasema mashine yetu haina ubaya, ila inahesabu kwa mkono mmoja na kuchora magari kwa mkono wa pili. Inataka kadi ya picha. Hiyo inachomekwa ndani na kuchora peke yake. Akaeleza pia habari za mianya ya kuichomekea, na rangi zake. Hapo sikusikia vizuri. Nilikuwa namwona Nzomo ameketi sebuleni saa kumi na mbili jioni, miguu kwenye zulia letu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Muktar, mwenye duka la vitambaa na redio. Binamu yake anauza kompyuta Nairobi. Muktar anafungua hoteli ndogo karibu na soko la mbuzi, na anatafuta chupa za chai. Chupa za chai! Tulipewa tisa siku ya harusi, maana wageni hawakuulizana. Tumekubaliana: chupa sita kwa kadi moja iliyotumika kidogo. Nimerudi nyumbani kama natembea juu ya pamba.

Alhamisi, 10 Juni 1999.

Kadi imefika! Kijani kibichi, na ina feni yake ndogo kama ya ofisi ya mkubwa. Niliibusu.

Haiingii.

Kivuva anasema hii inataka mwanya wa kahawia, na kompyuta yetu ina mianya myeupe tupu. Anasema aliniambia Jumanne. Nikauliza kama hatuwezi kuipunguza kidogo kwa tupa. Akaanza kulifunga sanduku.

Muktar hakukasirika. Atabadilisha. Lakini kadi kali za mwanya mweupe ni adimu siku hizi, kwa hiyo chupa mbili zaidi. Nane zimekwenda. Imebaki moja, ile ya majogoo wawili wekundu, aliyotupa mama mkwe kwa mikono yake miwili mbele ya kanisa zima. Hiyo haitoki nyumba hii. Kamwe!

Jumamosi, 12 Juni 1999.

Mama mkwe, Mama Kalunde, ametokea Zombe bila taarifa, na kuku chini ya kwapa. Nilimsindikiza sokoni. Tulipofika katikati kabisa Muktar akaniita kutoka ng'ambo: "Bibi Nzomo! Kadi yako imefika! Safari hii ni kali!"

Mama Kalunde ni shemasi. Alisimama. Akaniuliza ni kadi gani hiyo. Nikasema ni ya mchezo, mama. Akauliza tangu lini nyumba ya mwanawe inachezwa kadi. Nikaona nimweleze vizuri: "Hapana mama, si kadi ya kucheza. Ni kadi ya mchezo."

Akageuka, tukarudi nyumbani. Huko aliomba dakika ishirini, akataja kamari inayoingia majumbani kwa mlango wa jikoni. Nzomo aliingia maombi yakiwa katikati, akasema amina kwa sauti kubwa bila kujua ya nini. Nilimpenda zaidi.

Nilimmiminia mama chai kutoka kwenye majogoo yake. Akaipapasa ile chupa, uso ukalainika. Akasema afadhali hii nimeitunza.

Jumatatu, 14 Juni 1999.

Mama mkwe ameondoka alfajiri. Saa tatu Kivuva alikuwa sebuleni. Kadi ya pili imeingia bila shida! Tukawasha. Mashine ikakohoa mara moja, ikazima. Tukawasha tena. Ikazima bila hata kukohoa.

Kivuva anasema ni pawa, yaani kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Chetu ni kidogo, na kadi inakula kuliko nyumba nzima. Yeye ana kikubwa, alikitoa kwenye mashine iliyokufa. Nikamwuliza anataka nini. Akazungusha macho sebuleni, yakatua kwenye rafu. Majogoo.

Nikamwambia haiwezekani. Nikasimama imara kabisa. Halafu nikakumbuka ugali wa Ijumaa, ulivyokauka ukingoni ukimsubiri Nzomo. Nilifunga macho Kivuva akipita mlangoni nayo.

Pawa mpya inashika! Feni inanguruma kama mashine ya kusaga posho. Lakini mchezo ndio umegoma kabisa sasa, hata slaidi hakuna. Kivuva anasema kadi haina dereva. Nikamwambia dereva yupo, ni Nzomo, na anaendesha vizuri sana. Kivuva alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe dereva ni maelekezo ya kuifundisha kompyuta namna ya kuitumia kadi, nayo yamo ndani ya disketi. Disketi imebaki kwa binamu ya Muktar. Sasa mimi ningejuaje?

Nimerudisha kitambaa juu ya mashine. Nzomo kafika saa mbili kasorobo. Hakugundua chochote. Ananusa mandazi.

Jumatano, 16 Juni 1999.

Nilikuwa napita kwa Kavata bila kumtazama. Muktar yuko hapo ananunua mandazi. Akasema wazi, kwa furaha ya kunipa habari njema: "Dereva wako anakuja kesho, basi la saa tisa!"

Nilishukuru kwa sauti. Nafikiri niliruka kidogo. Nikamwomba tu asimwambie bwana yangu. Mandazi ya Kavata yaliungua, meusi tii, yeye amesimama na mwiko hewani ananitazama. Wivu wake na maendeleo ya watu!

Alhamisi, 17 Juni 1999.

Nilivaa gauni la kwenda kanisani, lile la bluu. Siku kubwa inavaliwa. Saa tisa kasoro nilikuwa stendi.

Basi likaingia. Nikageuka, nani huyu nyuma yangu? Nzomo! Saa za kazi! Amelowa jasho mpaka mgongoni, kalamu ya ofisi bado iko sikioni. Hakunisalimia. Akauliza, "Yuko wapi?"

Nikauliza nani.

"Dereva."

Nikamwambia yuko ndani ya bahasha.

Kondakta akanipa bahasha ya kaki. Nzomo akanipokonya, akaichana, akatoa disketi. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Akachungulia tena ndani ya bahasha. Ikabidi nimwambie ni zawadi yake, asiulize zaidi, na nani kamwambia habari za dereva? Akasema Kavata. Akasema pia kwamba Kavata alitaja gauni la bluu, na kwamba linanipendeza. Kavata kasema hivyo? Hapana, hilo amesema yeye mwenyewe.

Hakwenda kwa Ndululu! Alinishika mkono kutoka stendi mpaka nyumbani, mchana kweupe. Mchezo hauwezi kuchezeka, kwa hiyo tulikaa tu. Tukala wali na ndengu saa moja, moto unatoka. Akanisimulia alivyokuwa mdogo Zombe, punda wa baba yake akatorokea arusini kwa watu na madebe ya maji mgongoni, wakamfanya ni zawadi. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Aliniuliza mara mbili kama nina raha hapa kwake.

Jioni nzuri kuliko zote za ndoa yetu! Na hapo mchezo hata haujafanya kazi. Je, ukifanya?

Ijumaa, 18 Juni 1999.

Nzomo tena nyumbani saa kumi na moja na robo. Amenichambulia maharagwe. Anauliza kesho nitakuwa wapi, kesho kutwa nitakuwa wapi. Mapenzi hayo!

Nimemtumia Kivuva ujumbe afanye haraka.

Jumamosi, 19 Juni 1999.

INAKWENDA!

Kivuva alitia disketi, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza. Nikaondoa kitambaa mbele ya Nzomo kama pazia. Woi! Magari yanang'aa mpaka unaona mawingu kwenye boneti. Miti ina majani. Gari likitoka barabarani vumbi linapanda kama la njia ya Zombe mwezi wa tisa. Nzomo alipiga ukelele, akanibusu kwenye paji la uso mbele ya fundi. Mimi ndiye mke mwenye furaha kuliko wote Ukambani.

Alicheza mizunguko minne. Kisha akasimama, macho yanawaka, akasema, "Lazima Ndululu aone hii."

Jumatatu, 21 Juni 1999.

Ndululu ameona. Jana baada ya kanisa aliona, na leo amekuja kuona tena. Pamoja na yeye wamekuja wanaume watano, Kivuva akiwemo. Wamejaa kwenye viti vyetu vya harusi, wanapinda miili kushoto gari likipinda kushoto.

Mgeni lazima anywe chai. Chupa sina. Kila anayeingia nachemsha upya. Nimewasha jiko mara saba. Mara ya sita nikitoka na sufuria nikamkuta Kavata kwenye kizingiti changu, na beseni lake la mandazi. Anauza! Akasema, "Bibi arusi, biashara imehamia kwako. Songa kidogo."

Lakini Nzomo yuko nyumbani. Hilo lazima nilikubali. Nimeona mgongo wake tangu Jumamosi. Ni mgongo mzuri.

Jumatano, 23 Juni 1999.

Mama Kalunde tena, bila taarifa. Alifungua mlango Ndululu akipiga kelele, "Kadi ya Nzomo hii si mchezo! Kadi ni hatari!" Wanaume saba wamekunja mikono ya shati.

Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Akaomba chai, kutoka kwenye chupa yake. Nikasema chupa iko kwa fundi. Ni kweli kabisa! Akauliza chupa ya chai inapelekwaje kwa fundi. Wakati huo huo Kivuva, aliyechoka kungoja sufuria yangu, akaingiza mkono kwenye begi lake, akatoa majogoo wawili wekundu, akajimiminia.

Vichwa vyote viligeuka. Hata gari la mchezo liligonga ukuta.

Mama aliinuka, akaichukua ile chupa mkononi mwa fundi, akaifuta kwa kanga yake, akaifunga kifuniko. Hakuniuliza. Alisema tu tuinamishe vichwa. Wanaume wote saba walivua kofia. Dakika thelathini na tano. Chupa imerudi Zombe, ndani ya kikapu, na Kivuva hakuthubutu kudai.

Nzomo alinifuata jikoni. Akasema pole, mpenzi. Nilitaka akae. Nilikuwa naanza kumwambia habari fulani, yoyote tu. Wakamwita, zamu yake imefika.

Alhamisi, 24 Juni 1999.

Nimefikiri tangu asubuhi, na nimepata jibu. Sijui kwa nini sikuliona mapema!

Shida ni kompyuta ya Ndululu. Haina kadi kama yetu, ndiyo maana watu wamemhama. Ikipata kadi kali zaidi, wanaume wote watarudi kwake, Kavata atarudisha beseni lake, na Nzomo atabaki hapa na mimi. Rahisi hivyo.

Nimekwenda kwa Muktar. Ile kadi ya kwanza, ya mwanya wa kahawia, bado iko kwa binamu yake, nayo inaipita yetu kwa mbali. Chupa za chai zimekwisha, lakini nina bilauri kumi na mbili za harusi na saa ya ukutani. Amekubali. Safari hii sikurudia kosa. Nilikwenda kwa Ndululu kwa kisingizio cha kuazima stapla, nikachungulia mashine yake iliyo wazi ubavuni. Mwanya wa kahawia upo! Mtu anajifunza.

Kadi itakuja kesho. Dereva wake anakuja Jumamosi, basi la saa tisa. Gauni la bluu nimeshalipiga pasi. Nimemwomba Muktar asitamke neno mbele ya Kavata, ili Nzomo wangu asisumbuke bure kuja kunitafuta stendi.