Upande Wangu Ni Mwepesi

Jumatatu, 3 Machi
Mama ametamka. Boti ina viwiliwili viwili vinavyoelea sambamba, sitaha moja juu. Mimi nimalizie cha kushoto, shemeji, mume wa dada, cha kulia. Asiyezidisha uzito ndiye atakayesimamia karakana badala ya marehemu baba. Shemeji! Kaoa dada, sasa anataka kuoa na karakana.

Jumatano, 5 Machi
Nimeng'oa mabenchi. Nimetoboa mbao kila palipotoboleka. Bado mizani inaninunia. Mafundi walipokwenda kula, nikahamishia betri mbili za upande wangu kwa shemeji, chini ya sakafu. Mgongo umekufa. Mchoraji aliyesanifu boti akauliza mbona natembea nimepinda. Nikamjibu ni majonzi.

Ijumaa, 7 Machi
Tumepimwa. Mimi mwepesi, shemeji kazidisha! Nilimkumbuka baba, machozi yakanitoka kweli. Shemeji akanipa pole. Nikamhurumia kidogo. Kidogo sana.

Jumamosi, 8 Machi
Boti imeshushwa majini. Ikalala kulia papo hapo. Upande wa shemeji ulizama kupita mstari wa maji, wangu ukaning'inia juu. Nikapiga kelele kwamba huo ndio ushahidi! Mchoraji akafunua sakafu. Betri nne, na mchoro unataka mbili kila upande.

Mama hakugomba. Heri angegomba. Aliuliza tu ningewaambia nini ndugu za abiria kama boti ingepinduka. Kisha akasema baba yangu hakuwahi kujenga nusu boti. Nilitamani ardhi inimeze, ila nilikuwa juu ya maji.

Kazi kapewa shemeji. Amri yake ya kwanza: betri zitarudishwa Jumatatu, leo boti ijaribiwe hivyo hivyo, kushoto vipakiwe viroba vya mchanga. Viroba havikutosha. Akaniomba, kwa adabu zote, nikakae juu yavyo. Nikakaa. Boti ikanyooka. Dada alicheka mpaka akashika nguzo.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa utulivu. Bila mimi boti ingepinduka, na hakuna aliyeshukuru. Mama anataka twende majini tena Jumamosi: mimi nikae kushoto, shemeji kulia, tulingane. Amenisihi nielewe kwamba boti ni moja.

Nimeelewa. Kuanzia leo sili chakula cha jioni. Jumamosi tutaona nani kazidisha uzito.