Springi za Pijo na Kochi la Digna

Jumatatu, 22 Agosti 1994
Ushindi! Baba mkwe amekubali Pijo langu 404 limpeleke shemeji Mektrida kanisani Jumamosi. Filemon, aliyeoa dada mkubwa wa mke wangu, amenuna. Alidhani ni Korola yake iliyotoka Dubai juzi. Sharti ni moja: Ijumaa mzee atakuja kukikalia kiti cha nyuma mwenyewe. Nikasema karibu sana. Kisha nikaenda kukikalia mimi. Nikazama! Magoti yalifika masikioni. Bibi harusi akikaa pale, watu watapungia shela tu.

Jumanne, 23 Agosti
Majengo, kwa fundi makochi Sirili. Kasema springi za Pijo la zamani hazipatikani. Nikamwambia asokote za waya wa uzio. Akaniuliza kama nina hakika. Dharau! Sasa kiti hakibonyei hata nikikirukia. Sielewi. Springi ni chuma, na waya ni chuma.

Alhamisi, 25 Agosti
Jana nilikwenda Holili, mpakani na Kenya, kutafuta springi, bure. Niliuziwa springi za kitanda cha mtoto.
Leo akili imefunguka. Mke wangu Digna kaenda sokoni Kwa Sadala. Nikapindua kochi kubwa, nikachana kitambaa cha chini. Springi safi! Nikazitia kwenye Pijo. Kochi nalo nisiliache tupu, nikalitia zile mbovu za mwanzo za Pijo, nikatandika juu kitambaa chake cha kufuma. Zimebaki springi tatu mkononi. Sijui zimetoka wapi. Nimezificha kwenye mahindi.

Ijumaa, 26 Agosti
Balaa. Nilimsubiri mzee kwenye Pijo, mlango wazi. Digna na adabu zake akamkaribisha ndani kwanza anywe chai. Na mkwe hukalishwa wapi? Kochi kubwa! Nikasikia ukelele. Nilimkuta amezama, miguu juu, kofia usoni, springi imetoboa suruali yake ya harusi. Digna akachungulia chini ya kochi, akanitazama. Nikasema ni panya. Mzee akatamka Kichagga nisichoweza kukiandika, akaondoka bila kuligusa Pijo.

Jumamosi, 27 Agosti
Alfajiri nimekata majani mawili ya sale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, moja la akiba. Nikalipiga fundo, nikampelekea mzee kwa mikono miwili. Mchagga akiletewa sale hawezi kukataa kusamehe, hata akitaka vipi. Mzee alitaka sana. Mwishowe akalipokea. Nimesamehewa!
Ila Mektrida kapanda Korola, na Filemon kapiga honi hadi kanisani. Pijo limebeba mapipa ya pombe ya mbege. Ili yaenee, waling'oa kiti cha nyuma. Kiti kizuri vile! Niliumia sana.

Jumapili, 28 Agosti
Digna kasema nitakaa sakafuni mpaka kochi lirudi lilivyokuwa. Springi zote ziko uani, rundo moja. Zipi za nani? Kichwa kinauma.
Jioni nimekwenda Kibosho kumjulia hali mzee. Amelala kifudifudi, kidonda cha ile springi bado. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa kuguna. Akageuka kidogo, kitanda kikabonyea taratibu, kikarudi. Kitanda cha chuma, cha enzi za wamisionari! Nikajifanya nimeangusha kofia, nikainama. Springi tele, hazina hata kutu.
Kesho watampeleka zahanati asubuhi, chumba kitakuwa kitupu.
Lile jani la pili la sale halijanyauka. Nimelitia kwenye maji.