Taa Kumi na Nne Zilizofaulu

Ninayo furaha kuutangazia umma kwamba taa za dharura za Ofisi ya Uratibu wa Mambo Yanayohitaji Kuratibiwa, hapa Bariadi, zimefaulu majaribio kwa asilimia mia moja, mwezi wa kumi na tisa mfululizo. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Majaribio, kwa hiyo najua ninachosema.

Mwongozo unatuelekeza tuzime swichi kuu kila mwezi, tuone kama taa hizo zinawaka zenyewe. Kamati ilitafakari kwa kina. Kuzima umeme kunaleta giza, na giza ndilo tulilokabidhiwa kupambana nalo. Tukaazimia kuzijaribu umeme ukiwepo. Kila mjumbe aliona vizuri kabisa, nikajaza rejista.

Halafu Minza, mlinzi wetu, akajitia kimbelembele. Jumamosi moja, ofisi ikiwa tupu, alizima swichi kuu kama mwongozo uliobandikwa ukutani unavyosema, akazunguka vyumba vyote, akaandika kwenye rejista yangu neno moja: "Haziwaki." Kumi na nne kwa kumi na nne! Mtu hana hata cheti cha semina.

Mkurugenzi Luhende alipanda mori. Akatoa waraka: mtumishi yeyote atakayetamka kwamba taa haziwaki anasimamishwa kazi papo hapo. Minza akapewa barua, asivuke mlango wa ofisi mpaka kikao kimjadili. Mama huyo analea watoto wanne kwa mshahara huo, na pamba yake kule Lingeka mwaka huu imeliwa na wadudu. Nilimwonea huruma sana wakati napiga muhuri.

Kikao kilifanyika masjala, chumba cha ndani kisicho na dirisha, kwa ajili ya usiri. Simu zetu tuliziacha kwenye beseni mlangoni. Minza alisubiri nje, juani. Saa nane mchana, tukiwa tumefika kipengele cha kumfukuza, umeme ukakatika.

Tulizisubiri taa zetu kwa utulivu wa kitaalamu. Dakika mbili zikapita. Mhasibu akakanyaga mtu, na mtu huyo alikuwa Mkurugenzi.

"Minza!" Mkurugenzi akapiga kelele. "Lete tochi!"

"Mwadila, baba," sauti ikatusalimu kwanza kutoka nje, kwa Kisukuma. "Barua imenikataza kuvuka mlango."

"Nakuruhusu, mayu, mama yangu! Ingia!"

"Nikiulizwa nimeingia kufanya nini, niseme nini, baba? Taa si zimefaulu?"

Kabati la mafaili likaanguka upande wangu.

"Haziwaki!" Luhende akalia. "Taa haziwaki, hata moja! Njoo ututoe!"

Minza akaingia na tochi, akatutoa tukiwa tumeshikana mashati, Mkurugenzi mbele.

Sasa, waraka ni waraka. Unasema mtumishi yeyote, na masikio yaliyosikia yalikuwa mengi. Kesho yake nikaandaa barua ya kumsimamisha Mkurugenzi Luhende, na kwa kuwa mwenye mamlaka ya kusaini barua za aina hiyo ni yeye peke yake, nikampelekea mezani. Alisaini bila kusoma, kama anavyosaini kila kitu.

Kikao cha Minza kimekosa mwenyekiti, hivyo amerudi lindoni. Jumatatu asubuhi gari la Mkurugenzi lilipopiga honi, Minza alitoka na nakala ya barua ya kumsimamisha bosi huyo mkononi.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia kwa heshima zote, na geti hakulifungua.