Picha Mia Mbili za Vichwa

Jumatatu, 4 Machi
Daktari Mkuu katuita mimi na Miwani, mwenzangu wa chumba cha picha. Kompyuta mpya imefika. Itajifunza kutambua uvimbe katika picha za ubongo, mapema, bila mtu kupasuliwa kichwa. Ila kwanza tuifundishe: kila mmoja wetu picha mia mbili za wagonjwa wa zamani, kila picha aitie alama, "salama" au "uvimbe". Atakayefanya vizuri ataongoza kitengo. Miwani akatabasamu. Akatabasamu! Kiti hicho ni changu.

Jumanne, 5 Machi
Miwani kasoma picha kumi na nne kutwa nzima. Kobe! Mimi nimepiga hesabu: katika vichwa kumi, tisa ni vizima. Nikizitia zote "salama", nakosea kidogo tu. Nimemaliza kabla ya chai. Akili ni mali. Miwani akauliza nimewezaje. Nikamwambia kipaji.

Alhamisi, 7 Machi
Kompyuta imeanza kazi kwa picha zangu. Za Miwani bado. Nimemleta dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama atutoke. Kichwa kinamuuma mwezi wa pili sasa, na vikombe vinamponyoka. Tena aone mdogo wake alivyo mtu. Nikampiga picha ya kichwa, kompyuta ikajibu: salama. Dada akanishika mkono. "Mungu akuweke, mdogo wangu. Nilishaanza kugawa nguo zangu."
Miwani akaikodolea macho picha ile. Akasema anaona kivuli upande wa kushoto. Wivu huo! Nikamwambia apanguse miwani.

Jumamosi, 9 Machi
Dada kaanguka jikoni. Mkono wa kulia hauinuki. Tulipofika hospitali, chumba cha upasuaji kilikuwa tayari: Miwani alishampelekea Daktari Mkuu ile picha jana, bila kuniambia. Ni uvimbe, saizi ya harage. Kompyuta haikuuona kwa sababu hakuna aliyewahi kuionyesha uvimbe ukoje.
Hakuna aliyewahi. Yaani mimi.
Saa tano nzima tumengoja kwenye benchi la nje. Miwani akaja akakaa kando yangu, akaninunulia chai. Heri angenitukana.

Jumatatu, 11 Machi
Dada kaamka! Neno lake la kwanza, akauliza kama nimekula. Nikalia. Nikamweleza yote, alama zile na kiti kile.
"Shuleni ulikuwa ukiandika majibu kabla hujasoma maswali," akasema. "Mdogo wangu, vichwa vile vina wenyewe."
Nimeapa mbele ya kitanda chake: sitarudia.

Jumatano, 13 Machi
Nimekiri kwa Daktari Mkuu. Kitengo kapewa Miwani. Ni haki. Mimi nimeachiwa nafasi moja: picha zile zile, upya, kwa makini, hadi mwisho wa mwezi.
Ya kwanza nimeitazama nusu saa, kwa machozi. Ya pili vilevile. Ya tatu macho yakaanza kuwasha. Nikaketi, nikatafakari kwa kina. Kosa langu sasa nimelielewa: nilisema "salama" kupita kiasi. Anayeambiwa ana uvimbe atachunguzwa tena, basi. Hajafa mtu.
Zote mia mbili, "uvimbe". Kesho asubuhi namkabidhi Miwani. Atafurahi sana.