Kamati ya Kulala Mbalimbali Mlimani

Taarifa kwa wananchi wote: maofisa wa Serikali ya Kijeshi, kwa kuchoka kwa ajili yenu, waliamua kupumzika Jumamosi na Jumapili katika Mlima Elgon. Walipanga kupanda kwa Landrova pasipo barabara na kulala kwenye mahema, kila ofisa mbali na mwenzake. Naandika mimi Kaltumi, niliyekuwa nakaa Kibuli, Kampala, mama wa dereva wao Marijani. Naandika ili kila mama mwenye mtoto anayejua kushika usukani ashtuke mapema.

Kamati ilikaa sebuleni kwangu. Ofisini, alisema mwenyekiti, Meja Masinde, kuna watu wa kusikiliza. Kwangu nilikuwepo mimi tu, nakaanga mandazi.

Kila jambo lilikuwa na sababu. Pasipo barabara, kwa sababu barabarani kuna vizuizi, na askari wa vizuizi wanawavua watu saa. Vizuizi aliviweka Meja mwenyewe. Saa yake ilishakwenda.

"Lakini walinipigia saluti kwanza," alitueleza. "Nidhamu ipo."

Kulala mbalimbali, kwa sababu watu watatu wakiota moto pamoja huo ni mkutano, na mkutano bila kibali ni kupindua serikali.

"Na chui akinijia?" akauliza Kapteni Kasereka.

"Anakula wewe peke yako, Kapteni. Ukipiga kelele unatoa ishara."

Luteni, ambaye kazi yake ni kukubali, akakubali.

Likabaki swali la nani atahakikisha kwamba hawakutani. "Marijani," Meja akasema. "Usiku atapita hema kwa hema, aone kila mtu yuko peke yake."

Mdomo wangu, banange, jamani! Nikasema, "Afande, mtu anayetoka kwa ofisa huyu usiku anakwenda kwa ofisa yule, si ndiye mnamwita mjumbe wa waasi?"

Meja akatabasamu kwa furaha ya kweli. "Asante sana, Mama Marijani. Hilo hatukuliona. Luteni, andika: dereva atakamatwa akisharudi."

"Akisharudisha gari," Kapteni akaongeza.

"Na mahema," akasema Luteni.

Dirishani nilimwona Marijani anafuta vioo vya gari, anapiga mluzi. Mimi nilikuwa natazama buti la gari hilohilo, maana siku zile mtu aliyekamatwa hapewi kiti.

Nikavaa uso wa ujinga, ambao kila mama wa Kampala anao. "Sawa kabisa, afande. Ila mimi niliishia darasa la nne, nieleweshe. Watatu kwenye moto ni mkutano. Watatu kwenye mandazi je?"

Kapteni akaacha kutafuna.

"Hii ni kamati," akasema Meja.

"Ndiyo, afande. Ina kibali?"

Basi, wakaanza kutazamana miguu. Kila mtu serikalini anajua kwamba anayewahi kushtaki ni mzalendo, anayechelewa ni mhaini. Luteni akasema anakwenda chooni. Choo changu kiko nyuma. Yeye akatokea mlango wa mbele. Wenzake wakamfuata mbio.

"Marijani, washa! Ofisi ya usalama! Waache hawa!" kila mmoja akaamuru.

"Yupi nimwache, afande?"

Kuendesha hakuna aliyejua hata mmoja. Akawabeba wote.

Wakafika kaunta moja, kila mmoja akawashtaki wawili. Ofisa wa zamu akauliza, "Mmejuaje?"

"Nilikuwepo!" wakajibu wote.

Wakafungwa. Marijani, kwa kuleta wahaini watatu bila bunduki, akapewa tepe za koplo palepale, na uenyekiti wa kamati, maana safari ilikuwa haijafutwa.

Alirudi anacheka. "Mama, niite Afande Mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa asubuhi yuko wapi?"

Kicheko kikaisha. Mchana ule tukapanda basi la Busia, barabara kuu, askari wa kila kizuizi wakimpigia koplo wangu saluti mpaka mpakani mwa Kenya.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, wakubwa wakimpenda mwanao, funga mizigo.

Mgeni aliyetoka Kampala juzi anasema wale watatu waliomba kila mmoja afungiwe chumba chake, wakaambiwa hakuna nafasi. Wanalala kwenye mkeka mmoja, na kila asubuhi wanaandikiwa kosa jipya la kukutana.