Hatua Thelathini na Moja za Pekupeku

Kwa Dada yangu mpenzi na mkubwa wetu sote,
Bi Kheiria binti Suleiman,
Azaiba, Maskati.

Nakala: Masouda, mke wangu (yupo chumba cha pili, ila hanisemeshi).

YAHUSU: KUPINGA UAMUZI WA KUNIZUIA KUMUOZESHA BINTI YANGU KWA SABABU SIVAI VIATU

Dada,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai na vidonge vyako vya presha, maana sitaki baadaye isemwe kuwa mimi ndiye niliyekupandisha.

Jana asubuhi mdogo wetu Badr aliniletea karatasi ya uwakala niitie sahihi. Karatasi inasema kuwa mimi, Majid bin Suleiman, baba mzazi wa Noof na walii wake, nimempa yeye Badr idhini ya kuushika mkono wa bwana harusi siku ya Alhamisi baada ya Alasiri, na kumuozesha binti yangu kwa niaba yangu. Nilimuuliza Badr kama mimi nimekufa. Akanijibu, "La, kaka, u hai, alhamdulillah. Lakini dada kasema kwa miguu ile huendi mbele za watu." Dada, mimi nimekagua mizani za wafanyabiashara wa mji huu miaka thelathini na miwili mpaka nikastaafu. Sijawahi kutia sahihi kitu nisichokipima. Kwa hivyo hili nalo nimelipima, na niliyoyaona nayaeleza hapa chini kwa heshima na kwa nambari.

1. Chanzo cha mimi kuacha viatu hakikuwa wazimu, kama unavyowaambia watu kwenye simu. Chanzo kilikuwa khitma. Unakumbuka ile khitma ya mwezi wa kumi, nyumbani kwa majirani zako hapo Azaiba. Tuliingia wanaume arubaini, tukavua jozi arubaini za makubadhi mlangoni, yote meusi, yote ya ngozi, yote kama yametoka tumbo moja. Mimi nilikaa nyuma kumaliza halwa. Nilipotoka, nilikuta yamebaki makubadhi mawili, na yote mawili yalikuwa ya mguu wa kushoto. Maana yake ni kwamba mjini humu yupo muungwana aliyekwenda zake na ya kulia mawili, akafika kwake, akalala, na mpaka leo hajasema kitu. Niliandika kwenye kundi letu la simu la ukoo nikiomba kila mtu aangalie miguu yake. Watu thelathini na sita walisoma. Aliyejibu ni mmoja, akaleta picha ya maua. Basi nikarudi kwangu pekupeku. Na njiani, Dada, nilipokanyaga marumaru ya pale ukumbini kwako nilipopita kukuaga, nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu nilipovaa kiatu cha kwanza cha ofisi. Siku ya pili nikagawa viatu vyangu vyote.

2. Kikao cha kuniondoa mlikifanya kwako bila kunialika. Najua kulikuwa na vitumbua, kwa sababu Badr alikuja na harufu yake. Hata mfanyabiashara aliyeweka jiwe chini ya mizani nilikuwa nikimwita kwanza, nikamsikiliza, ndipo nikamwandikia faini.

3. Nimesoma masharti ya walii. Awe Mwislamu, mwanamume, aliyebaleghe, mwenye akili timamu. Nimerudia mara tatu, sikuona kiatu. Ili nisije nikajipendelea, nilimwendea sheikh atakayefungisha ndoa, nikamuuliza waziwazi kama walii anaweza kuwa pekupeku. Alicheka sana, kisha akaacha kucheka akaniuliza sukari yangu iko ngapi. Nikamwambia iko sawa. Akasema hana pingamizi. Sukari hiyo aliyoiuliza haimo katika masharti, na wala siichukulii kuwa ni fatwa.

4. Hili ndilo kubwa, naomba ulisome umekaa. Juzi nilikwenda pale msikitini na futi yangu ya kazi. Kutoka mahali pa kuegesha gari mpaka mlangoni ni mita ishirini na tatu, yaani hatua zangu thelathini na moja. Baada ya hapo nini kinatokea? Bwana harusi, kijana wetu Aws, atavua viatu. Baba yake atavua. Sheikh atavua. Badr, ambaye mmemchagua kwa sifa ya viatu vyake, atavua, ataviacha mlangoni, na atakwenda kuketi mbele za watu na soksi yenye tundu kwenye kidole gumba, kwa sababu namjua. Sote tutakuwa pekupeku mbele ya Mola wetu. Kwa hiyo, Dada, mnaninyima kumuozesha mwanangu wa pekee wa kike kwa ajili ya hatua thelathini na moja. Niko tayari kuzipunguza. Dereva akisogea mpaka penye kibao cha kukataza kuegesha, zinabaki kumi na nane.

5. Umesema ni aibu. Naomba tuulizane kwa upole, aibu ya nani? Kwenye harusi ya binti wa jamaa yetu Hadeel, pale hoteli ya Qurum, Masouda mwenyewe alinisimulia kuwa saa nne haikufika wanawake walikuwa wameshavua viatu vyote, vimerundikwa chini ya meza, na wewe ukiwa miongoni mwao. Wewe pia, Dada, unaendesha gari miguu mitupu kutoka Azaiba hadi Qurum, na viatu vyako vya kisigino vinakaa kiti cha mbele vimefungwa mkanda kama abiria. Nimekuona. Mkivua nyinyi mnaita kupumzisha miguu. Nikivua mimi mnaita daktari.

6. Najua aliyekupigia simu ni baba yake Aws. Naomba nieleze upande wangu. Alikuja kwangu kuzungumza habari za siku ya ndoa, akavua viatu mlangoni kama ada yetu, nami nikampokea pekupeku, tukakaa sawa kwa sawa, tukanywa kahawa, hakuona lolote. Mambo yaliharibika nilipomsindikiza mpaka kwenye gari. Aliniangalia chini akasema, "Majid, ndara zako zi wapi?" Nikaona ni fursa ya kumfahamisha. Nilimweleza kwa dakika arubaini. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi huu wa sita unaoujua, na sakafu ya pale nje ilikuwa imeiva, kwa hivyo ilinibidi nisimame kwa zamu, mara mguu huu, mara ule. Yeye akadhani nimebanwa na haja, akawa ananiambia, "Nenda, bwana, nenda, tutazungumza siku nyingine." Nilimkatalia mara nne. Nakiri hapo nilikosea.

7. Isisemwe kuwa nimejitenga na watu. Watu wananielewa, hasa wasio jamaa. Wiki iliyopita nilikwenda duka kubwa la Qurum kununua zawadi ya Noof, na mlinzi wa mlangoni, Mkenya mmoja jina lake Nahashon, akanizuia. Alisema kwa adabu kabisa, "Pole mzee, bila viatu siwezi kukuruhusu. Ni amri ya mdosi." Nikamweleza falsafa yangu. Alisikiliza yote, maana kazi yake ni kusimama pale masaa kumi na mawili na hana pa kwenda. Nilipomaliza akaniambia, "Mzee, mimi nilitembea miguu chini mpaka darasa la saba. Sikujua ni falsafa. Nilidhani ni umaskini." Kisha akasema kwamba kampuni yake inamkata mshahara mlinzi akionekana amelegeza hata kamba za kiatu. Dada, nilimuona wazi kuwa ananionea wivu. Nilimuahidi kuwa nitaandikia kampuni yake barua kumwombea ruhusa ya kuvua. Akanisihi sana, kwa jina la Yesu, nisiandike.

8. Watoto wa Badr wanasema nimechekesha barabara nzima ya Azaiba. Ninachofanya ni kwamba ninapovuka mahali pa lami napita juu ya mistari myeupe, kwa sababu nyeupe haishiki joto kama nyeusi. Hii ni elimu. Kweli mistari mingine imekatikakatika, na kutoka mmoja kwenda wa pili huna budi kuruka kidogo. Askari aliyenisimamisha aliridhika na maelezo yangu, na alinirudisha nyumbani kwa gari yake kwa hiari yake mwenyewe.

9. Kuhusu Masouda. Ameacha kunisemesha tangu Jumamosi, na anapika samaki mwenye miba mingi makusudi. Miaka thelathini ya ndoa hajapata kuniletea samaki wa namna ile. Namsamehe.

Kwa kuwa hoja zangu ziko wazi, naomba yafuatayo, nawe una kauli ya mwisho katika ukoo huu:

Kwanza, nirudishiwe haki yangu, nikae mbele ya Aws siku ya Alhamisi na nimuozeshe mwanangu kwa mkono wangu na ulimi wangu. Mkono, Dada, ndio unaoshikana. Mguu haumo.

Pili, ili nisionekane peke yangu, wanaume wote wa upande wetu waje pekupeku. Tukiwa ishirini itaonekana kuwa ni ada, na hakuna atakayethubutu kuuliza ada imeanza lini. Mambo mengi tunayoyaita ya asili yalianza hivyo hivyo.

Tatu, tuwaombe na wa upande wa Aws. Wakikataa, tuwaulize wanaficha nini.

Nne, lile kabati la viatu ulilolinunua juzi ulikate mbao, utengeneze rafu ya vitabu.

Tano, ukoo uandikie manispaa, wachore mstari mweupe mmoja usiokatika kutoka Azaiba mpaka Ruwi, wenye upana wa kutosha watu wawili kupishana.

Yote haya yakikubaliwa, sitodai radhi. Yakikataliwa, naogopa nitabaki nyumbani siku ya Alhamisi, na mlango nitaufunga, na mwanangu ataozwa na mtu mwingine hali baba yake yu hai mtaa wa pili. Sijui nitaikalia vipi siku hiyo. Nimejaribu kuifikiria na kila nikifika Alasiri nasimama. Nilimbeba Noof siku alipozaliwa kabla hata mama yake hajamuona. Niliitoa adhana mimi sikioni mwake. Naomba na hili la mwisho nilifanye mimi.

Nisalimie shemeji, mwambie goti lake lingepoa kama angevua viatu. Nisalimie Khulood na watoto, na Sayyida ukimuona, na majirani wa ile khitma wote, isipokuwa mmoja, ambaye Mungu anamjua. Badr mwambie kanzu mpya asishone.

Wako katika damu, kwa heshima na kwa miguu yangu miwili,

Majid bin Suleiman
Mkaguzi Mstaafu wa Mizani na Vipimo

Tanbihi: Barua hii nilimpa Noof anipigie chapa, kwa sababu mwandiko wangu siku hizi hausomeki. Aliisoma yote. Alirekebisha nukta, na akaondoa neno moja nililolisema juu ya Badr. Alipomaliza akaja akakaa chini mbele yangu, akaigeuza miguu yangu akazitazama nyayo. Alikwenda akaleta mafuta akawa ananipaka, kisha akasema, "Baba, mie Alhamisi msikitini simo. Ntakuwa hapa nyumbani na wanawake. Mie ntachopata ni picha tu, ile mtayopigwa nje mlangoni watu wakishavaa viatu. Ntaitundika kwangu, na watu watanambia, yupi babako? Sitaki waanze kutazama chini. Nnataka wakutazame uso."

Dada, karatasi ya Badr nimeichana. Hoja zangu zote tisa bado ni sahihi, na nipo tayari kuzitetea mbele ya yeyote, lakini picha ile itakaa ukutani kwa mwanangu miaka mingi kuliko mimi, na sitakuwepo kuwafahamisha wageni wake habari ya joto la lami. Kwa hivyo naomba umtume Badr dukani leo hii, jozi moja, vyeusi. Achukue nambari arubaini na nne, wala asibishane na mwenye duka kuwa kaka yake huvaa arubaini na mbili, maana miguu imetanuka. Avilete kabla ya Magharibi, nipate siku mbili za kuvizoea.