Jirani Yangu Bauke Ananiibia Joto

Jumatatu, 12 Januari

Nimesoma mita ya gesi saa mbili asubuhi, kama kawaida. Mita za ujazo kumi na moja tangu jana! Mwaka jana tarehe kama hii zilikuwa sita. Gesi inakwenda wapi? Boila inanguruma darini kutwa nzima, na sebuleni ni nyuzi kumi na sita na nusu. Rejeta, yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayopitisha maji ya moto ya boila, ukizigusa chini ni vuguvugu, juu baridi.

Hewa imeingia. Nimezunguka na ufunguo wangu mdogo wa shaba, nikatoa hewa rejeta zote tisa. Fyuuu. Kazi safi. Presha ikashuka, kwa hiyo nikapanda darini kuongeza maji kwa mpira. Mara ya kumi na mbili mwezi huu. Pampu ya kuzungusha maji siizimi. Kuizima ni kazi ya waoga.

Fenna, binti yangu, kapiga simu. Jumamosi atatuletea Wytske, ana wiki tatu. Mjukuu wangu wa kwanza! Sijamshika bado, kwa sababu ya mafua yangu. Lakini kuna sharti: nyumba iwe na nyuzi ishirini, la sivyo haji. Ishirini! Yeye kalelewa kwenye kumi na saba na sweta mbili, na meno yake yote anayo. Nimemwambia sawa. Nimekata simu nimefura kwa hasira.

Jumanne, 13 Januari

Mwizi nimempata. Ni Bauke, jirani wa ukuta mmoja. Nimemkuta anatoa pipa la taka nje, kavaa fulana. Januari! Nikamuuliza anachoma gesi kiasi gani kwa siku. Tano, akasema, tena anatabasamu. Nikarudi ndani, nikaweka kiganja ukutani. Ukuta una joto. Joto la nani? Langu! Mimi nachoma, linapenya matofali, yeye anatembea na fulana.

Mke wangu Hiltje akasema labda ni joto la Bauke linalokuja kwetu. Nimekaa na mwanamke huyu miaka thelathini na minane na bado anatetea majirani.

Mchana nimepigilia karatasi za aluminiamu ukuta mzima, zile za kuokea samaki. Misumari mia mbili. Hiltje kaangalia, kaenda kuvaa koti. Jioni nimepima: nyuzi kumi na sita kamili. Imeshuka! Kumbe Bauke kashtuka, kazidisha kunyonya. Nimegonga ukuta kwa kiatu ajue kwamba najua.

Jumatano, 14 Januari

Fenna haniamini. Mtoto wangu mwenyewe! Anataka picha ya kipimajoto. Nikakiegemeza kwenye kikombe cha kahawa ya moto hadi kikasoma ishirini na moja, nikakisimamisha mezani haraka, nikapiga picha, nikatuma. Nilijisikia vizuri kwa dakika mbili hivi.

Simu ikalia. "Baba, huyo nyuma si Mama?"

Nikasema ndiye.

"Mbona kavaa kofia ya sufu na glavu, na yuko kwenye sofa?"

Nikasema alikuwa anataka kutoka. Fenna akauliza kama blanketi pia anatoka nalo. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Hiltje alivua glavu moja, akampigia simu fundi wa boila mbele ya macho yangu. Fundi! Nyumbani kwangu! Miaka thelathini boila nimeihudumia mwenyewe, hakuna mgeni aliyewahi kuigusa.

Ijumaa, 16 Januari

Fundi kaja. Msichana, Sjoukje, hata thelathini hajafika. Kafungua bomba, maji yakatoka meusi tii. Akaniuliza natoa hewa mara ngapi. Nikamwambia kila asubuhi, Jumapili mara mbili. Akaweka spana chini.

"Mzee, hiyo hewa unaiingiza wewe mwenyewe. Ukiitoa, unatoa na maji. Ukiongeza maji mapya, unaingiza hewa nyingine, na vyuma vinaota kutu. Kutu ndiyo imeziba rejeta. Joto haliwafikii, boila inachoma gesi bure."

Nikamuuliza: na Bauke je? Akatazama karatasi zangu za ukutani kwa muda, kisha akamuuliza Hiltje kwa upole kama nalala vizuri.

Nilitamani kumtoa nje na sanduku lake la vyombo. Nikajizuia. Kasuuza mfumo wote, kajaza maji, presha moja na nusu. Saa kumi jioni: nyuzi ishirini na nusu. Bahati tu. Kasema mabaki ya hewa yataguna siku mbili tatu na yataisha yenyewe, nisiguse kitu. Hiltje kachukua ufunguo wangu, kautia ndani ya sidiria. Dhuluma ya wazi. Nimebaki na ule wa akiba tu.

Jumamosi, 17 Januari

Saa moja asubuhi rejeta ya dirishani ikaguna. Mara moja. Glu.

Fenna alikuwa aje saa nne. Babu gani anaacha mjukuu wake aketi karibu na kitu kinachoguna? Nikaifungua robo tu. Kisha nikafungua na zile nane nyingine, ili zote ziwe sawa. Presha ikaanguka hadi sifuri, boila ikazima. Nikakimbilia mpira darini. Haupo! Msumarini pake kuna karatasi, mwandiko wa fundi: "Mzee, hapana."

Saa nne, nyuzi kumi na saba. Fenna kasimama mlangoni, mtoto kifuani ndani ya blanketi la waridi, akatazama kipimajoto, akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Baba, nilikuomba kitu kimoja tu."

Na nani akatokea nyuma yake? Bauke, na fulana yake. Karibuni kwangu, akasema, kwangu kuna joto. Hiltje akabeba sinia la biskuti zenye siagi na vipunje vya sukari ya waridi, biskuti za kumsherehekea mjukuu wangu, nilizonunua mimi, akavuka nazo. Nikabaki na ukuta wangu unaong'aa. Hasira ilinikaba. Baadaye nami nikavuka, lakini ya huko leo siwezi kuyaandika.

Jumapili, 18 Januari

Nimetulia kidogo. Bauke jana alinipa kiti chake kizuri. Hiltje akaniwekea Wytske mikononi. Mdogo mno, na wa moto. Akashika kidole changu, hakukiachia. Hapa hakuna anayesoma, basi niseme: sikutaka mtu amchukue. Zilipita kama dakika nne.

Kisha rejeta ya Bauke, nyuma ya kiti changu, ikaguna.

Nikamwomba Bauke anishikie mtoto mara moja, nikatoa mfukoni ule ufunguo wa akiba.

Bauke anaendesha mfumo wake kwa presha kubwa, huo ni uzembe wake, si wangu. Maji yalipaa hadi kwenye pazia, biskuti na blanketi. Blanketi linafulika. Saa sita boila yake nayo ikazima. Fenna akamfunga mtoto kwenye gari bila kuniaga, akasema kwa dirisha kwamba atamrudisha mwezi wa tano, watu wote wakishazima boila. Hiltje kapanda gari naye. Na Bauke, ambaye nilitaka kumsaidia, kanifungia mlango. Hakuna shukrani duniani.

Nyumba ni yangu peke yangu. Nyuzi kumi na tatu. Kimya kabisa, ila ukitega sikio vizuri kuna rejeta moja huko chumbani inajiandaa kuguna.